Namba Niliyoichora Usoni mwa Kioo cha Shaba

Mmeniomba, wanangu wa karakana, niandike machache kabla sijayasahau, nami nimekubali kwa sababu mkiniacha nyumbani bila kazi nitaanza kusugua sufuria za majirani. Sitawasimulia habari za vyeo, maana cheo changu kikubwa kilikuwa kukabidhiwa ufunguo wa stoo. Mshahara mnaujua wenyewe, tusiumizane. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na kosa moja nililolifanya mwaka 2016 ambalo nalikumbuka kuliko kazi zote nilizozifanya vizuri.

Nilikuja Johannesburg kama mke wa mkimbizi wa siasa aliyekuwa anarudi kwao. Tulioana Morogoro, nikadhani nimeolewa na mtu mmoja, kumbe nimeolewa na ukoo, lugha tatu na baridi ya mwezi wa saba. Alipofariki, binti yetu Thandi alikuwa bado shuleni, nami nikaanza kuzunguka mtaa wa Doornfontein nikibisha hodi kwenye milango ya mafundi. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Papa Kasongo, Mkongomani wa Likasi, aliyekuwa na karakana ndogo juu ya mafundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kusafisha na kukarabati vitu vya kale vya madini: masinia, mabirika, vinara, kengele za makanisa, na kila kitu ambacho watu hurithi kwa babu zao na kukionea aibu mpaka atokee mtu wa kuwaambia kuwa ni cha thamani.

Siku ya kwanza alinipa birika la shaba na kiti. Nikamuuliza dawa ya kung'arishia iko wapi. Alinitazama kama vile nimemtukania mama yake.

"Mama, usiguse kwanza," alisema. "Ikala nayo. Iangalie. Kisha utaniambia iko na ugonjwa gani."

Nilikaa na birika lile mpaka saa sita mchana. Mwanzoni nilijiona mjinga. Baadaye nikaanza kuona: mpini uliolehemiwa upya na fundi asiye na subira, tumbo lililobonyea kwa kuanguka, weusi wa moshi upande mmoja tu, maana yake lilizoea kukaa pembeni mwa moto. Nilipomweleza hayo alicheka, akanipa mswaki mkuukuu na bakuli la maji. Ndivyo nilivyoajiriwa, na sijawahi kupata barua mpaka leo.

Vifaa vyake mnavijua, bado mnavitumia: miswaki, vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha, pamba, lenzi ya kuvaa jichoni, na jiliwa la kubania vitu, lililofunikwa ngozi ya mbuzi ili lisiume. Msasa aliufungia kabatini. "Msasa iko mwizi," alikuwa akisema. "Inakamata ngozi na hairudishe." Ngozi kwake ilikuwa ule weusi au ukijani ambao miaka huutandaza juu ya shaba. Amekulia kwenye nchi ya shaba, Papa yule. Aliweza kukigonga kitu kwa ukucha, akasikiliza, akakwambia bati iliyochanganywa humo ni nyingi au ni kidogo. Mimi niligonga miaka kumi kabla sijasikia chochote zaidi ya kucha zangu.

Karakana ilikuwa na desturi moja iliyonivuta na nyingine iliyoniponza. Iliyonivuta ni kwamba mtu akiharibu kitu cha mteja, hata kwa unyayo wa nzi, anamwambia mteja yeye mwenyewe, uso kwa uso. Papa Kasongo hakukusemea. Iliyoniponza ilikuwa ya namba. Miaka ya nyuma birika la mzee mmoja wa Fordsburg, mtaa wenye Waislamu wengi, liliwahi kwenda kwa mtu mwingine, ikawa kesi kubwa, na tangu hapo kila kitu kilichoingia kilichorwa namba ndogo kwa sindano ya chuma mahali pasipoonekana: chini ya sinia, chini ya birika, ndani ya kifuniko. Nilikuwa naichora hata kabla sijamaliza kumsalimia mteja. Mkono ulikuwa umekwisha zoea.

Sasa mwaka huo wa 2016, wiki ya kuelekea Idi, mabirika na masinia ya Fordsburg yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi. Dereva mmoja akaleta sanduku la vitu sita vilivyofungwa kwenye magazeti, kutoka nyumba moja ya mtaa wa Kensington. Alisema mwenyewe ni bibi wa Kichina, atapiga simu, akaondoka. Nilivifungua mbiombio. Chetezo, visahani viwili, birika dogo, kinara, na kifuniko cha mviringo, kipana kama kiganja kilichonyooshwa, chenye kirungu katikati cha kukishikia. Upande wenye kirungu ulikuwa na duara za nakshi na maandishi. Upande wa pili mtupu, umejaa vumbi lililogandamana. Nikashangaa kidogo kwamba chungu chake hakimo. Kisha nikakipindua, nikachora namba upande ule mtupu: 312. Niliikandamiza vizuri isije ikafutika. Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa tangu chekechea, na siku hiyo sikukumbuka hata herufi moja.

Jumatatu Papa Kasongo alikiinua, akakigonga kwa ukucha. Kililia sauti nyembamba, ndefu, ambayo sikuwahi kuisikia kwenye meza ile. Hata fundi aliyekuwa akilehemu dirishani aligeuka. Papa alikigonga tena, akakipeleka kwenye mwanga, akakipindua.

"Mama Thandi, kuya."

Nikaenda.

"Nani aliandika hii numero?"

"Mimi, Papa. Si ndani ya kifuniko?"

"Haiko kifuniko," alisema taratibu. "Iko kiyoo. Cha wazamani sana, bati mingi. Huku kwenye maua njo mugongo. Huku kwenye uliandika, njo uso."

Nilijitetea, nikasema hakuna aliyeniambia, kirungu kile mtu yeyote angedhani ni cha kukishikia kifuniko. Alikiweka juu ya kitambaa, uso chini, akarudi kwenye kengele yake. Baadaye ndipo aliposema, bila kunitazama, "Utamuambia weye. Haiko miye."

Nikampigia simu yule bibi, nikamuuliza tu kitu hiki ni nini. Habari ya namba sikuitaja. Akasema kisiguswe, anakuja mwenyewe.

Alikuja Jumatano, akishikwa mkono na dereva, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imemwibia nusu ya kuona kwake. Alisema nimwite Bibi Lai. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg, babake alikuwa na duka la vyakula, na tuliongea Kiingereza, yeye chake cha Kensington na mimi changu cha kuokotea njiani. Alikaa kwenye kile kiti changu cha siku ya kwanza, akaomba kioo. Nilimpa kikiwa kimelala uso chini juu ya kitambaa, nikamwacha apapase mgongo. Sikukigeuza. Najua nilichokuwa nikifanya.

Alipitisha kidole kwenye duara la maandishi na kuyasema, si kwa kuyasoma bali kwa moyo, kama babake alivyomfundisha. Akanieleza maana yake. Yanasema kwamba kilicho safi ndani ndicho kinachoangaza nje, kama jua na mwezi, na kwamba moyo unataka kuwa mwaminifu lakini kuna kinachouziba. Mwalimu mmoja wa historia ya sanaa alikuwa ametazama picha zake akakisia kioo kina umri wa kama miaka elfu mbili. Nilirudia ile hesabu kichwani. Mtu fulani alimimina shaba hii kwenye kalibu ya udongo kabla Kiswahili chenyewe hakijapata jina, akachonga maneno kuhusu moyo unaozibwa, na maneno yakasafiri yakanikuta mimi, mama wa Morogoro, ninaficha kitu chini ya kitambaa. Mwili ulinisisimka. Sijui kama niliogopa au nilistaajabu, labda ni kitu kimoja.

"Shaba haibaki safi yenyewe," Bibi Lai alisema. "Zamani kule Uchina kulikuwa na mafundi waliopita mtaa kwa mtaa kung'arisha vioo, kama nyinyi. Kioo kikiachwa kinafifia. Babangu alisema mtu naye ni hivyo, akijiacha bila kujisugua kila siku anafifia na hajui. Nyumbani kwetu mtoto akitimiza miaka kumi na minane anawekwa mbele ya kioo hiki. Kabla hajajitazama, wakubwa wote waliopo wanataja kila mmoja kosa lake, wakikishika. Ndipo naye anatazama. Sijui kama kuna Wachina wengine wanaofanya hivyo. Babangu alifanya."

Nikamuuliza anataka tukifanyie nini.

"Ndilo nililolijia. Mdogo wangu anasema king'arishwe kiwe kama kipya, ili mjukuu wangu Melanie ajione vizuri siku yake ikifika. Mimi sijui. Nimeambiwa nyinyi mnajua. Ukisema king'arishwe, king'arishwe."

Wanangu, nataka mnielewe hapo. Kung'arisha kungemaliza kila kitu. Ningefungua kabati la msasa kwa ruhusa ya mwenyewe, nikasugua, na namba 312 ingeondoka pamoja na ngozi ya miaka elfu mbili. Angepata kioo kinachometameta. Mimi ningepata amani. Na hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa Papa Kasongo, ambaye alikuwa nyuma yangu akipuliza vumbi kwenye kengele ambayo haikuwa na vumbi.

"Nipe mpaka Jumamosi nikichunguze," nilisema.

Nyumbani nilimweleza Thandi, ambaye hunisikia kwa Kiswahili na kunijibu anavyotaka, kwa maneno ya mtaani. "Eish, Mama," alisema, "si uking'arishe tu yaishe? Yeye mwenyewe amekuambia. Sharp, kila mtu anafurahi." Hayo ndiyo niliyokuwa nimejiambia kwenye teksi kuanzia mjini mpaka nyumbani, tena kwa maneno matamu kuliko yake.

Alhamisi nilikaa nacho. Nilifuata nilichofundishwa, sikugusa mpaka nilipokwisha kutazama. Kisha nikachukua pamba na maji yasiyo na chumvi, nikaanza kulowesha lile vumbi lililogandamana usoni, nikiviringisha pamba bila kusugua, kipande kidogo, natupa, kipande kingine. Nilitarajia kukuta kijani au ukahawia. Nilikuta weusi. Weusi laini, mzito, unaong'aa, kama maji ya kisimani. Nikaviringisha zaidi. Ilipofika kama saa nane mchana nilikuwa nimefungua upana wa uso mzima, na humo ndani palikuwa na mtu ananitazama.

Nilishtuka nikarudi nyuma na kiti. Papa Kasongo akaja, akainama, naye akajiona. Akavua kofia yake. Sijawahi kumwona akiivua ndani ya karakana, hata alipotembelewa na padri.

"Angalia mambo," alinong'ona. "Miaka yote ile. Inaona bado."

Kioo kilikuwa hakijafa. Ule weusi ambao mdogo wake Bibi Lai alitaka uondolewe ndio uliokuwa unaona. Nilipojitazama mara ya pili nilimwona mwanamke wa makamo, mweusi ndani ya weusi, macho yake mawili yametulia, na mdomoni mwake, kutoka shavu hadi shavu, namba 312 nyeupe ya shaba iliyokwaruzwa. Nyani haoni kundule, lakini mimi siku ile nililiona langu lote. Nililia, na sioni haya kuwaandikia kwamba nililia. Nililia kwa uzuri wake kwanza, kisha kwa namba.

Nimetaja kwamba desturi ya kujisemea kosa ilinivuta. Ilinivuta ikiwa ya wengine. Nilikwisha mwona Papa akimwambia shemasi kwamba amevunja mguu wa kinara, na nilimsifu sana. Mambo ni mepesi ukiwa umeshika ufagio pembeni. Ijumaa nzima niliandaa hotuba: niliandaa ya kung'arisha na niliandaa ya kutong'arisha, na zote mbili hazikuwa na neno namba.

Jumamosi Bibi Lai akaja, safari hii na mjukuu wake Melanie wa miaka kumi na sita, mwenye sare ya shule na kitabu kwapani. Niliwakalisha. Nikamwambia bibi, kioo kising'arishwe. Nikamweleza kwamba ule weusi wenyewe bado unaonyesha, na kwamba tukiuondoa hautarudi. Alifurahi kama mtoto. Akanyoosha mikono akipokee.

Hapo ningeweza kunyamaza. Macho yake yalikuwa mabovu, binti alikuwa anasoma. Kioo kilikuwa mikononi mwangu, na nilikuwa nimekwisha kumpa shauri jema, la haki, ambalo lingenipa sifa.

"Bibi," nilisema, "kuna namba usoni mwake. Nimeichora mimi, kwa sindano ya chuma. Nilidhani ni kifuniko. Na Jumatano ulipokuwa hapa nilikuwa najua, nikakuficha."

Alikichukua, akapapasa uso kwa kidole gumba polepole mpaka akaifikia namba, akaifuata yote, tatu, moja, mbili. Melanie alikuwa ameacha kusoma.

"Babangu alikivusha bahari amekifunga kwenye nguo za mtoto," alisema. "Kimepita vita. Kimepita njaa. Kimekuja kuchorwa Doornfontein."

"Nisamehe, bibi."

"Tumalizie hapa," akamwambia mjukuu wake, akasimama. Hakunisamehe, hakunitukana, hakuniaga. Nilisikia fimbo yake ikishuka ngazi zote mpaka chini. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sikuwa na hata kitambaa cha kupangusia.

Papa Kasongo alinikaribia, akaweka mkono begani kwangu. "Umefanya," alisema. Hilo tu. Jumatatu iliyofuata aliichukua sindano ya kuchorea namba, akaikunja kwenye jiliwa, akaitupa. Ndiyo sababu nyinyi mnafunga kadi kwa uzi wa pamba na mnalalamika kwamba uzi unachafuka. Uchafuke. Papa amesharudi Likasi sasa, na kadi za uzi ndizo alizotuachia.

Miaka miwili nilijua kwamba mahali fulani Kensington kuna kioo kinachoonyesha kosa langu kila kikigeuzwa. Nilikifikiria kila nilipoosha uso. Halafu mwaka 2018, mwezi wa tisa, simu ikalia karakana, sauti ya Bibi Lai ikauliza kama yule mama wa namba bado anafanya kazi hapo. Akasema Melanie anatimiza kumi na minane Jumapili, na nitahitajika.

"Nitahitajika kufanya nini, bibi?"

"Wakubwa waliokishika wanataja kosa. Wewe umekishika."

Nilikwenda na nguo yangu ya kanisani. Nyumba ilikuwa ya kawaida, bustani ndogo, mbwa mnene asiyemtisha mtu. Sebuleni waliketi watu kama kumi, chai imemiminwa, na kioo juu ya meza kimeegemezwa, uso nje. Mwanga wa dirishani ulikuwa ndani yake. Nilistaajabu upya kana kwamba sikuwahi kukiona.

Bibi Lai alianza. Alitaja jambo kati yake na mdogo wake ambalo si langu kuliandika, na mdogo wake aliinamisha kichwa. Akafuata mjomba wa Melanie, mtu mwenye suti nzuri na sauti ya redioni. Akakishika kioo kwa ncha za vidole, akasema kosa lake kubwa ni kwamba anajitolea mno kwa watu na kujisahau mwenyewe. Wengine wakatabasamu. Akanipa kioo.

Niliwaeleza yote: sanduku, wiki ya Idi, kifuniko, sindano, ile Jumatano ya kitambaa. Nilisema nilivyotamani king'arishwe ili nifichike. Nilipomaliza nilitaka kukirudisha mezani, lakini Melanie alikuwa ameinua mkono kama yuko darasani.

"Mama Thandi, kama nyanya asingeuliza habari za kung'arisha, ungemwambia?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Watu wote walikuwa wananingoja niseme ndiyo, hata mbwa. Na pengine ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimekishika kile kitu, uso wangu umo ndani, na nilijitafuta kila mahali nisione mahali pa kuisimamisha hiyo ndiyo.

"Sijui, mwanangu," nilisema. "Naomba Mungu kwamba ningesema. Lakini sijui."

Binti yule akakichukua kioo mikononi mwangu kwa adabu, mikono miwili. Hakujitazama. Alizunguka meza mpaka kwa yule mwenye suti nzuri, akakiweka mapajani mwake.

"Mjomba," alisema, "rudia kosa lako."

Mjomba akaweka kikombe chini.